Mwalimu Ottilia Mbunda na Barua ya Aprili 1990

Marehemu Ottilia Bernadi Mbunda, ambaye wengi mliofika hapa mlimwita Mwalimu bila kuongeza jina, alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1957, hapa Litembo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Bernadi Mbunda na Mama Gertruda. Alibatizwa akiwa na siku nane, na bibi yake alizoea kusimulia kwamba alilia tangu mlangoni mwa kanisa mpaka nyumbani. Ndugu zake wanasema baada ya siku hiyo hakulia tena mbele za watu hadi alipokuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Alikulia shambani. Kwa faida ya wageni waliotoka mbali, ni vizuri kueleza kwamba huku milimani shamba la ngoro lina kazi mbili. Mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga chini kwa miraba, mteremko mzima. Kisha wanawake huingia na majembe, huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi, na hapo hubaki mashimo yanayozuia maji yasiondoke na shamba. Mzee Bernadi alisifika kwa miraba iliyonyooka, na Mama Gertruda alikuwa akimtania kwamba kazi ya baba ni kuchora, ya mama ni kuchimba. Ottilia alianza kuchimba akiwa na miaka saba. Viganja vyake vilibaki vigumu mpaka mwisho, licha ya miaka thelathini na tisa ya kushika chaki.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 hapahapa Litembo, akaendelea na sekondari ya wasichana iliyoendeshwa na masista kuanzia 1972 hadi 1975, kisha akasomea ualimu Songea kwa miaka miwili. Hakuwa wa kwanza darasani, na hakupenda kusingiziwa kwamba alikuwa. Kilichomtofautisha na wenzake ni mwandiko. Masista walimtumia kuandika kadi za Noeli na majina ya wafu kwenye kitabu cha misa, na shuleni barua yoyote iliyotakiwa ionekane ya heshima ililetwa kwake. Mwandiko huo ulimpa sifa, na baadaye, kama mtakavyosikia, ulimponza.

Tarehe 1 Februari 1978 aliripoti kazini katika shule ya msingi huko Kihagara, kijiji cha ufukweni. Alikuwa na miaka ishirini na hakuwahi kulisogelea ziwa. Wiki ya kwanza alikwenda kuteka maji akiwa amevaa viatu, wanafunzi wakamzunguka kumtazama. Wao ndio waliomfundisha kula usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, na vichwa vyake, na wao ndio waliomfundisha Kinyasa cha kutosha kugombeza. Mwaka 1985 alihamishiwa Mbamba Bay, na mwaka 2000 alirudi huku juu akiwa mwalimu mkuu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2017.

Ndoa yake ilianza kwa kuchekesha. Mzee Bernadi alifariki mwaka 1977, na Machi ya 1979 shamba la Mama Gertruda lilikuwa halijapangiwa nyasi. Asubuhi moja majirani wakamwona seremala kijana, Henry Kinunda, yumo shambani humo peke yake, anafyeka na kupanga. Sasa huku kwetu mwanamume akipanga nyasi katika shamba ambalo si la mama yake, mke wake, dada yake wala mkwewe, watu huhesabu kuwa ameposa. Kwa wiki mbili kijiji kizima kiliamini kwamba Henry, mwenye miaka ishirini na sita, anamtaka Mama Gertruda. Mama mwenyewe alimwita na kumuuliza kwa upole kama amefikiri vizuri. Henry akajibu, "Shikamoo mama. Mimi nimekuja kwa ajili ya Ottilia." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Julai 1980, na Mungu akawajalia watoto watatu: Jacqueline, ndiye anayewasomea wasifu huu, Urbani na Avelina. Mzee Henry alitangulia mbele za haki mwaka 2016. Walikaa pamoja miaka thelathini na sita, na aliendelea kumwita mkewe Mwalimu hata mezani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo marehemu aliagiza lisirukwe. Alimwambia Jacqueline mwaka jana, akiwa bado na nguvu za kukaa, "Mkinisifia bodi ya Mapokezi, sifieni. Lakini na ya Zamda msomeni, tena mbele ya watu." Jacqueline alimwambia kwamba msibani watu hawasemi mambo kama hayo. Akajibu, "Ndiyo maana hayaishi."

Kuanzia mwaka 1986 vita vya ng'ambo ya ziwa vilileta watu kwa mitumbwi usiku na mchana kwenye ufuo wetu. Watu wa Mbamba Bay na wa milimani, Waislamu na Wakatoliki, wakaunda Shirika la Mapokezi ya Wakimbizi, ambalo wote tunaliita Mapokezi. Mwaka 1988 liliundiwa bodi ya watu saba. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bartholomayo Ndimbo, katekista mstaafu, ambaye akikohoa tu kikao kilinyamaza. Mjumbe kutoka ufukweni alikuwa Bwana Abdulmajid Bakili, mwenye duka Mbamba Bay, ambaye yupo hapa mbele na miaka yake themanini na minne. Katibu alikuwa Ottilia, mwanamke pekee na mdogo kuliko wote, naye alichaguliwa kwa sababu ya mwandiko.

Bodi ile ilifanya kazi ya kweli. Ilitafuta mablanketi, dawa na nafasi shuleni, na iliomba ardhi kijijini ikapewa mteremko usio mbali na hapa tulipo. Wajane sita walipewa kila mmoja shamba lake. Kwa kuwa familia nyingine nyingi zilikuwa zinangoja, bodi iliweka sharti kwamba shamba ambalo halijaandaliwa mpaka mwisho wa Machi litarudishwa. Sharti lilikuwa la haki, na lilipitishwa na watu wenye huruma.

Wajane watano walikuwa na kaka au mtoto mkubwa. Wa sita, Zamda binti Saidi, alikuja na watoto wawili tu, Hasna wa miaka mitatu na Ilyasi wa mgongoni. Mume wake aliuawa kabla hawajavuka. Zamda alitoka kwenye tambarare ya mihogo. Msimu wa kwanza alilima matuta ya kushuka na mlima kama walimavyo kwao, na mvua ya Januari ikayateremsha yote. Majirani wakamwambia kwamba huku hatulimi hivyo, lazima nyasi zipangwe kwanza na mwanamume. Akauliza mwanamume yupi. Wakacheka, wakaenda zao. Basi msimu uliofuata Zamda alinoa jembe, akakaa kungoja.

Wanaume wa kijiji walidhani Mapokezi wataleta mtu, na Mapokezi walidhani majirani wataingia. Hakuna aliyethubutu kwenda peke yake kwenye shamba la mjane, maana jioni ile ile angeulizwa na mke wake siku ya mahari. Machi ya 1990 ikaisha, nyasi za Zamda zikiwa zimesimama mpaka kifuani.

Bodi ilikutana Jumamosi, tarehe 21 Aprili 1990. Taarifa ilisema kwamba mama huyu kwa misimu miwili ameshindwa kuandaa shamba. Mmoja akasema labda ni mvivu. Mzee Bartholomayo akauliza, "Kuna mwenye neno?" Ottilia alikuwa nalo. Kati ya watu saba waliokuwa mezani, yeye peke yake alikuwa amechimba ngoro, yeye alijua kwamba mwanamke anaweza kuwa na nguvu za punda na shamba likabaki pori kama hakuna wa kupanga nyasi. Lakini kuuliza mbele ya wazee wale nani ampangie Zamda nyasi kulikuwa sawa na kuuliza nani amwoe. Aliona haya. Tena alikuwa katibu, na alijiambia kwamba kazi ya katibu ni kuandika. Akainamisha kichwa, akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri, mwenyekiti akatia sahihi.

Jumatatu aliipeleka mwenyewe. Zamda hakujua kusoma, kwa hiyo Ottilia alimsomea barua aliyoiandika. Zamda alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mwalimu, na wewe umekubali?"

Ottilia akajibu, "Ni uamuzi wa bodi."

Kesho yake Zamda alishuka kwa miguu na watoto wake hadi ufukweni, akapanda mtumbwi kurudi ng'ambo, ambako vita vilikuwa havijakwisha. Walihangaika wiki kadhaa kutoka kijiji hadi kijiji. Tarehe 2 Juni 1990 Hasna alifariki kwa surua, akiwa na miaka mitano. Alizikwa kando ya njia, mahali ambapo mama yake hakuweza kupaona tena baadaye.

Habari zilifika huku mwaka uliofuata, zikiletwa na watu wengine waliokimbia. Jacqueline alikuwa na miaka kumi wakati huo, na anakumbuka kwamba mama yake alirudi kutoka sokoni bila kikapu, akakaa kizingitini na kulia kwa sauti, majirani wakadhani amefiwa na ndugu. Katika kikao kilichofuata alisimama kabla ya ajenda, akaeleza yote, pamoja na neno alilokuwa nalo siku ile. Mzee Bartholomayo, ambaye naye alikuwa akifuta macho, alimwambia, "Kaa, mama. Kosa hili ni letu sote."

"La wote nitaliandika, mwenyekiti," akasema. "Na langu naomba liandikwe peke yake."

Liliandikwa, na lipo kwenye kumbukumbu za shirika mpaka leo: Katibu alijua, akanyamaza.

Tangu Machi 1992 bodi ya Mapokezi ina utaratibu ambao hatujausikia kwingine. Wanaume wote wa bodi hupanda mlimani siku moja na kupanga nyasi katika kila shamba la mjane asiye na mtu, na kikao cha mwaka hakifunguliwi mpaka shamba la mwisho limekamilika. Wakienda wengi pamoja hakuna anayehesabiwa kuwa ameposa. Hilo lilikuwa wazo la Ottilia, na alilisimamia kwa ukali kwanza akiwa katibu, kisha kwa miaka ishirini na miwili, tangu 2003, akiwa mwenyekiti. Mwaka ule wa kwanza Bwana Abdulmajid, ambaye ukoo wake ulikuja kutoka Kilwa na vitambaa na hakuwahi kushika mundu, alipanga miraba iliyopinda kama njia ya mlevi. Wanawake wakamzomea kwamba ameposa wajane tisa kwa siku moja. Akajibu, "Mimi nimetumwa na bodi." Watu wote walicheka isipokuwa Ottilia, ambaye aligeuka akatazama upande wa ziwa.

Alimtafuta Zamda kwa miaka kumi na minne, akiwauliza wauza samaki na mabaharia wa boti. Mwaka 2004 alipata habari kwamba yuko hai. Akavuka, yeye aliyeogopa maji. Zamda alimpokea kama mgeni anavyopokewa, akamtandikia mkeka, akampikia samaki. Ottilia alipofungua mdomo aseme alichokuja kusema, Zamda alimzuia kwa mkono.

"Kula, Mwalimu. Hilo jambo usilifungue hapa."

Hakulifungua. Alirudi tena mwaka 2007, na tena, mara sita kwa jumla, ya mwisho ikiwa 2022. Mara sita alikula, akazungumza na Zamda habari za mihogo, za magoti, za wajukuu, na mara sita alirudi na lile lile alilokwenda nalo. Zamda kwa upande wake alikuwa ameapa kwamba ufuo huu hataukanyaga tena. Jacqueline alimuuliza mama yake kwa nini anajitesa. Alisema, "Nisipokwenda atadhani nimesahau."

Mwaka 2023 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kuwa fupi. Madaktari walisema moyo umetanuka. Alilazwa mara nne katika hospitali ya hapa Litembo, na familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia kwa subira, kwa maana hakuwa mgonjwa mpole na alisahihisha tahajia kwenye cheti chake. Jumapili, tarehe 2 Machi mwaka huu, aliomba apigiwe simu ya Ilyasi, na Ilyasi akampelekea mama yake simu. Jacqueline alikuwa ameishika karibu na mdomo wa mgonjwa.

"Zamda, mimi naondoka," mgonjwa akasema.

Zamda akauliza, "Umekula?"

"Kidogo."

"Kula."

Mtandao ukakatika, na walipojaribu tena haikupatikana. Mwalimu Ottilia alifariki Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba, watoto wake wote watatu wakiwa kando ya kitanda.

Yanayofuata hayamo kwenye vijitabu mlivyonavyo. Yameandikwa jana.

Mtakuwa mmeona kwamba katika ukurasa wa tatu kuna mstari umekatwa kwa kalamu. Mstari huo uliandikwa na Jacqueline Ijumaa, na vijitabu mia nne vikachapwa Mbinga Jumamosi asubuhi. Ulisema kwamba marehemu aliishi na majuto hayo mpaka mwishowe akasamehewa. Aliuandika kwa nia njema. Alifikiri kwamba mtu anayekupikia mara sita amekusamehe, na alitaka mama yake azikwe akiwa mwepesi.

Jumamosi alasiri Zamda aliwasili. Alivuka kwa boti pamoja na Ilyasi mpaka Mbamba Bay, wakapanda gari la kuja juu na kumalizia kwa bodaboda. Hakuna aliyemtegemea. Aliingia ndani, akakaa na mwili mpaka jana baada ya misa, alipomwita Jacqueline na kutaka kujua ameandikwaje. Jacqueline akamsomea. Alipofika kwenye mstari ule Zamda alimsimamisha.

"Nani amekwambia?"

"Mama Ilyasi, sisi tulidhani..."

"Mimi sijasema. Hasna alikuwa na miaka mitano. Futa, mwanangu, usimzike mama yako na uongo. Yeye alikuja kwangu mara sita hakunidanganya hata mara moja."

Jacqueline alimwambia kwamba vijitabu vimekwisha kuchapwa. Zamda akasema basi zitafutwe kalamu. Ndiyo maana jana mchana wanafamilia na wajumbe wa bodi walikaa uani, Bwana Abdulmajid akiwa na rula, wakakata mstari mmoja mara mia nne. Zamda aliomba aonyeshwe mahali ulipo, kisha naye akachukua kalamu na fungu lake la vijitabu, akakata taratibu kimoja baada ya kingine. Kwenye kijitabu cha kumi hivi machozi yalianza kumtoka, na hakuacha kukata.

Walipomaliza Jacqueline aliuliza aandike nini mahali pale. Zamda alifikiri, akasema, "Andika kwamba alikuja mara sita. Na mimi nimekuja."

Marehemu ameacha watoto watatu, Jacqueline, Urbani na Avelina, wakwe watatu, wajukuu tisa, ndugu wawili walio hai, na wajumbe sita wa bodi ya Mapokezi, ambao keshokutwa wanapanda mlimani kupanga nyasi bila yeye. Orodha iliyochapwa inaishia hapo. Jana jioni Zamda alisomewa hiyo pia, akasema kwamba imepungua mtu. Akaulizwa kama anataka jina lake liwemo, ilhali msamaha hajautoa.

"Liwekeni," akasema. "Msamaha sina. Lakini nimefiwa."

Kwa hiyo marehemu ameacha pia Zamda binti Saidi, aliyekaa hapa mstari wa mbele pamoja na watoto.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Ottilia. Amani aliyoitafuta kwa kuvuka ziwa mara sita akarudi bila kuipata, tunakuomba umpe wewe.